Kutoka Kofia ya Hariri Hadi Helmeti: Wafalme, Mastaa na Farasi Waliowaangusha

Picha ni ileile kila wikendi. Ufukwe wa Diani au kule Zanzibar, jua linazama, mdada kavaa dera jeupe linapepea na upepo, kakaa juu ya farasi, miguu peku, nywele ziko nje. Likes zinamiminika, watu wanamwaga vikopa, kila mtu anaandika "malkia". Hakuna anayeuliza kitu kimoja kidogo tu: helmeti iko wapi?

Tusimlaumu sana. Binadamu kapanda farasi kwa maelfu ya miaka, na muda mwingi alichojali kichwani ni muonekano: taji, kofia ya manyoya, kofia ndefu ya hariri, kilemba. Kichwa chenyewe kilikuja kukumbukwa juzi tu. Na hakikukumbukwa bure. Karibu kila sheria ya usalama unayoiona leo kwenye farasi ina mtu nyuma yake aliyeanguka.

Majina hayatatajwa hapa. Anayejua atajua.

MFALME ALIYEUAWA NA KICHUGUU

Twende mwaka 1702, jumba la Hampton Court, pembeni ya London. Mfalme wa Uingereza, jamaa mzaliwa wa Uholanzi, katoka kupanda farasi wake aitwaye Sorrel. Huyu si mtu wa kawaida. Kapigana vita tangu ujana, kampindua baba mkwe wake na kukaa kwenye kiti cha enzi. Risasi zimempita, mabomu yamempita.

Farasi akajikwaa kwenye kichuguu cha fuko. Fuko, kile kinyama kidogo kinachochimba chini ya ardhi. Mfalme akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Unaweza kusema ni jeraha dogo, lakini kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, homa ya mapafu ikaingia, na tarehe 8 Machi akafariki.

Wapinzani wake walifurahi mpaka wakawa wanainua glasi kumpongeza yule fuko, wakimwita bwana mdogo aliyevaa koti jeusi la mahameli. Siasa hazijaanza leo kuwa na maneno.

Ila ukiacha utani, hapo kuna somo ambalo halijabadilika. Farasi wa kawaida ana uzito wa kama kilo 500 na ukikaa juu yake kichwa chako kiko zaidi ya mita mbili kutoka ardhini. Si lazima awe mkorofi. Si lazima uwe huna uzoefu. Inatosha akanyage shimo. Farasi akijikwaa hana habari kama aliyembeba ni mfalme au mtu wa selfi.

MGIRIKI ALIYEJUA MAPEMA

Kabla ya huyo mfalme, yaani miaka kama 350 kabla ya Kristo, askari mmoja wa Athens alikaa chini akaandika kitabu cha jinsi ya kumchagua, kumtunza na kumpanda farasi. Kitabu hicho kipo mpaka leo na wapanda farasi bado wanakisoma.

Mzee huyo anaanza na kwato. Anasema ukitaka kununua farasi kagua miguu kwanza, kwa sababu nyumba nzuri juu haina maana kama msingi ni mbovu. Kisha anakuja kwenye lile lililomfanya akumbukwe: usimguse farasi ukiwa na hasira. Hasira haioni mbele, inakufanya utende jambo ambalo baadaye utajuta. Farasi akiogopa kitu, ukimpiga unamfundisha kwamba kile kitu kweli ni cha kuogopwa, maana kila akikiona anapata maumivu.

Shika hilo la hasira. Tutalirudia, maana miaka zaidi ya 2,300 baadaye kamera za dunia nzima zilimnasa mtu akifanya kinyume chake.

CHUMA KIDOGO, HATARI MPYA

Wagiriki hao walikuwa wanapanda bila vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Walikaa juu ya kitambaa au mgongo mtupu, wakibana kwa mapaja. Vikuku vya pande zote mbili vinaonekana China: kwenye kaburi moja karibu na Nanjing, la mwaka 322, kulikutwa sanamu ya farasi mwenye navyo. Kutoka huko vikasambaa mpaka Ulaya.

Vikuku vilibadilisha kila kitu. Mtu aliweza kusimama juu ya farasi anayekwenda shoti, kupiga mshale, kujizuia asidondoke. Lakini kila dawa ina madhara yake. Zamani ukianguka, unaanguka tu. Sasa mguu unaweza kunasa kwenye chuma, wewe uko chini, farasi anakimbia, unaburutwa.

Ndo maana buti ya mpanda farasi ina kisigino. Watu wengi wanadhani ni fasheni, kumbe kisigino kinazuia mguu usipenye upande wa pili. Ndo maana pia siku hizi kuna vikuku vya usalama vinavyofunguka mtu akianguka. Kwa hiyo ukiambiwa usipande na ndala, raba nyembamba au peku, muhusika hakuonei wivu na kucha zako.

WANAWAKE NA GAUNI LA KUFA NALO

Hapa ndipo historia inapokuwa chungu. Kwa karne nyingi, wanawake wa tabaka la juu Ulaya walitakiwa kupanda wakikaa upande, miguu yote upande mmoja. Kupanya miguu ilikuwa aibu. Heshima mbele, usalama nyuma.

Miaka ya 1830 tandiko la upande likaongezwa pembe ya pili ya kubania mguu, na ghafla wanawake wakaweza kwenda shoti na kuruka vizuizi kama wanaume. Tatizo likabaki kwenye nguo. Gauni lilikuwa refu, zito, limejaa kitambaa. Mwanamke akianguka, gauni linanasa kwenye ile pembe, naye anaburutwa na vazi lake mwenyewe.

Malkia mmoja wa Austria, yule aliyesifika Ulaya nzima kwa uzuri na kiuno chembamba, alikuwa anakwenda kuwinda na farasi Uingereza na Ireland miaka ya 1870 na 1880. Inasimuliwa kwamba alikuwa anashonewa vazi likiwa tayari mwilini ili limkae bila kunyanzi hata moja. Yaani mtu anashonwa ndani ya nguo, halafu anaruka mitaro na ua za miti kwa kasi. Alikuwa fundi kwelikweli wa kupanda, hakuna ubishi. Lakini wangapi walimuiga bila kuwa na ufundi wake?

Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi nguo wakaleta sketi za usalama. Kwa mbele inaonekana sketi kamili, kwa nyuma iko wazi, chini yake kuna suruali. Ukianguka inaachia. Muonekano ukabaki, mtu akapona. Angalia hilo vizuri, kwa sababu linaonyesha kwamba haikuwahi kuwa lazima kuchagua kimoja.

KICHWA KINAKUMBUKWA

Mwaka 1923 kijana mmoja, mpanda farasi wa ridhaa, alishinda Grand National, mbio za kuruka vizuizi zinazojulikana kuliko zote duniani. Kabla mwaka haujaisha akaanguka kwenye mbio nyingine Wolverhampton, akapigwa teke la kichwa. Akafariki Januari 1924. Baada ya kifo chake kofia ngumu zikawa lazima kwa wapanda farasi wa mbio za vizuizi Uingereza.

Miaka kumi na moja baadaye, 1935, askari maarufu aliyepigana pamoja na Waarabu jangwani alikufa kwa ajali ya pikipiki, kichwa wazi. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakulisahau tukio lile. Akaanza kuchunguza ajali za pikipiki na kuonyesha jinsi helmeti inavyookoa vichwa. Novemba 1941 jeshi la Uingereza likawalazimisha waendesha pikipiki wake kuvaa.

Kwa hiyo helmeti ya bodaboda na ya farasi ni ndugu. Zote zimetokana na watu kuchoka kuzika vijana. Na ile tabia ya abiria wa boda kuikataa helmeti eti inaharibu nywele, mabibi wa Ulaya walikuwa nayo zamani sana.

SUPERMAN HAKUPAA

Tarehe 27 Mei 1995, Culpeper, jimbo la Virginia, Marekani. Mcheza filamu aliyekuwa Superman wa dunia nzima, yule mrefu mwenye macho ya bluu, yuko kwenye mashindano ya farasi. Ana miaka 42.

Huyu alikuwa na mzio wa farasi. Alijifunza kupanda miaka ya 80 kwa sababu ya filamu, akanogewa, akaanza kumeza dawa za mzio ili aendelee. Hakuwa mzembe. Siku hiyo alivaa helmeti, alivaa na kizibao cha kukinga kifua.

Kizuizi cha tatu. Farasi anakuja vizuri, halafu ghafla anasimama. Yeye anaendelea mbele. Mikono imenasa kwenye hatamu, hawezi kuitanguliza kujikinga, anatua kwa kichwa. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zikavunjika. Kuanzia hapo hakuweza kutembea tena wala kupumua mwenyewe bila mashine.

Kinachouma zaidi, muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameigiza filamu kuhusu polisi aliyepooza miguu.

Hapo ndipo watu wengi wanapochukua somo lisilo sahihi. Wanasema: "Si unaona, alivaa helmeti na bado yakamkuta." Kweli, alivaa, na helmeti ilifanya kazi yake. Helmeti inakinga fuvu na ubongo. Haikingi shingo. Mtu huyo alibaki na akili timamu, akaongea, akaandika, akaongoza filamu. Machi 1996 alitokea kwenye jukwaa la Oscar akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ukumbi mzima ukasimama, watu wazima wakalia. Akatumia miaka iliyobaki kutafuta pesa za utafiti wa uti wa mgongo mpaka alipofariki Oktoba 2004, akiwa na miaka 52.

Kama angekuwa kichwa wazi, hiyo miaka tisa ya kupigana na watoto wake kumjua baba yao isingekuwepo.

Mchezo huo wenyewe ulichelewa kubadilika. Mwaka 1999 wapanda farasi watano walikufa Uingereza katika mashindano hayo hayo ya kuruka vizuizi porini. Hatari kubwa ilikuwa farasi kujigonga kwenye gogo lisilotikisika, kupinduka na kumwangukia aliyembeba. Miaka ya 2000 vikaletwa vizuizi vyenye pini zinazokatika, gogo likadondoka badala ya farasi kupinduka. Pia yakaja makoti ya hewa, yenye kamba iliyofungwa kwenye tandiko. Ukichomoka, kamba inavutika, koti linajaa hewa kabla hujafika chini. Wazo lenyewe lilianza kwa waendesha pikipiki. Ndugu wamekutana tena.

KOFIA NDEFU INAZIKWA

Kuna mchezo mwingine wa farasi unaoitwa dressage, ule ambao farasi anacheza kama anasakata dansi la ukumbini. Huko hawaruki chochote, kwa hiyo mabingwa walivaa makoti ya mkia na kofia ndefu nyeusi za hariri. Helmeti ilionekana ya watoto na wanaojifunza.

Machi 2010, Florida. Mwanamke aliyeiwakilisha Marekani Olimpiki ya 2008 alikuwa mazoezini tu, juu ya farasi mdogo anayefundishwa. Hakuna kuruka, hakuna mashindano. Farasi akajikwaa miguu yake mwenyewe, wakaanguka. Hakuwa na helmeti. Fuvu likapasuka, akakaa kwenye koma wiki kadhaa. Alipoamka alianza upya kujifunza kutembea na kuongea.

Kutokana na ajali hiyo ikazaliwa kampeni ya helmeti kwa wapanda farasi, na yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo haijarudi kama zamani, akawa anawaambia watu ukweli. Kosa lake halikuwa kupanda farasi hatari. Kosa lilikuwa kuamini kwamba siku ya kawaida haina ajali.

Olimpiki ya London 2012, dada mmoja Mwingereza akatokea na helmeti mbele ya watu waliozoea kofia ndefu. Alishawahi kuvunjika fuvu hapo nyuma. Akachukua dhahabu mbili. Baada ya hapo nani angesema helmeti haipendezi? Tarehe 1 Januari 2021 shirikisho la dunia likaifanya helmeti kuwa lazima, na kofia ndefu ikaenda makumbusho.

HALAFU NANI ANAMLINDA FARASI?

Stori ingeishia hapo ingekuwa tamu. Ila hauwezi kuongelea usalama wa aliye juu ukamsahau aliye chini.

Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo. Mjerumani mmoja anaongoza kwenye mchezo wa mambo matano: upanga, kuogelea, kukimbia, kulenga shabaha na farasi. Sheria ya mchezo huo ilikuwa farasi unapewa kwa bahati nasibu na una dakika 20 tu za kuzoeana naye. Yule farasi alikuwa ameshagoma na mpandaji mwingine kabla. Akagoma tena. Dada analia juu ya tandiko, anampiga fimbo, dunia inatazama. Kocha wake akainama kwenye uzio akampiga farasi ngumi. Dhahabu ikaenda, kocha akafukuzwa mashindanoni, na wakubwa wa mchezo wakaamua kumtoa farasi kabisa kwenye mchezo huo baada ya Paris 2024.

Na wiki ile ile ya Paris 2024 inaanza, yule yule shujaa wa helmeti wa London akajitoa. Ilivuja video ya zamani ikimuonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi wakati wa kufundisha. Akaomba radhi, akafungiwa mwaka mmoja.

Hapo ndo unamkumbuka yule mzee wa Athens. Alisema, wakamsoma, wakamsifu, kisha wakamsahau penye pesa na medali.

MBONA MALKIA HAKUVAA?

Kila ukiongelea helmeti kuna mtu atauliza kuhusu malkia wa Uingereza, aliyepanda farasi mpaka kwenye miaka ya tisini ya umri wake na kitambaa tu kichwani. Ni kweli. Tena Juni 1981, kwenye gwaride London, kijana wa miaka 17 alifyatua risasi sita za baruti tupu karibu yake. Farasi akashtuka. Malkia, akiwa kakaa upande, akamtuliza kwa mkono na safari ikaendelea.

Lakini tazama kilicho nyuma ya pazia. Yeye alipanda tangu utotoni. Farasi yule aliletwa na polisi wa Canada, kafundishwa kuvumilia makelele, na alimbeba kwenye gwaride hilo miaka 18 mfululizo, 1969 mpaka 1986. Wewe na farasi wa ufukweni mmejuana dakika ngapi?

HUKU KWETU

Farasi hawakuwahi kuwa wengi Afrika Mashariki. Mbung'o na maradhi ya farasi yaliwamaliza, kwa hiyo huku mwenye farasi alikuwa sultani au mzungu wa Nairobi, ambako mbio zinaendelea Ngong tangu 1954. Binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba watoto wa jumba la kifalme walifundishwa kupanda wangali wadogo. Yaani hata kwa wenyewe kupanda kulikuwa somo, hakukuwa kiki ya jioni moja.

Wengi wetu mnyama tuliyemrithi ni punda, na Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu miaka ya 1980, kwa sababu mnyama anayekubeba naye anaumwa.

Kwa hiyo ukienda ufukweni, uliza helmeti kabla ya bei, na ifungwe kidevuni, maana isiyofungwa itaruka kabla yako. Vaa kiatu chenye kisigino na suruali, dera subiri ukishuka. Msogelee farasi kwa ubavuni akuone, usipite nyuma yake. Usijizungushie kamba wala hatamu mkononi. Mtazame na yeye: ana vidonda chini ya tandiko, anachechemea, mbavu zinahesabika? Basi usimpande, na mwambie mwenye naye kwa nini. Na mtu akikuambia "huyu mpole, hana shida", mkumbuke mfalme na fuko.

Picha utapata tu. Mwanamke wa London alipiga yake na helmeti, medali mbili shingoni.

Wewe je, ungekubali kupiga picha ya farasi na helmeti kichwani, au unaona inaharibu? Tuambie hapo chini.